Tulivyomwita Athumani Umeme Ukikatika

Vijana wa kiwanda cha mbao, spana zangu nimewaachia zote. Nimeondoka na bisibisi moja tu, ile ndefu yenye mpini wa mti, na nasikia mmeshaanza kuulizana nani kaiiba. Nimeichukua mimi. Haikuwa mali ya kiwanda. Nitawaeleza ilikotoka, na hapo hapo nitawajibu swali mlilonitania nalo tangu siku ya kwanza: kwa nini umeme ukikatika mzee Kiguu anainua mikono juu kama mwizi aliyezungukwa na polisi, huku midomo inamcheza. Mmoja wenu alisema nasali. Mwingine alisema nimerogwa huko milimani kwetu, kana kwamba yeye kwao ni ufukweni. Nilicheka pamoja nanyi kwa sababu jibu lilikuwa refu na magogo yalikuwa yanasubiri. Sasa nimestaafu, hakuna kinachonisubiri.

Shule niliiacha darasa la tano. Sikufukuzwa. Darasa letu lilitazama barabara, malori ya kabeji yalipita yakishuka kwenda Mombo, na mimi nilitaka kujua yanaishia wapi. Mwalimu alisema yanaishia Dar es Salaam. Nikaona bora nikahakikishe. Nilifika Mombo, nikapakia na kupakua, nikaenda kukata mkonge, nikaenda Tanga nikajifunza kuziba pancha za baiskeli, nikarudi. Kila kazi niliipenda mpaka nilipoielewa, kisha miguu ikaanza kuwasha. Ndiyo maana wakaniita Kiguu. Mama yangu hakulipenda jina hilo, lakini hakuweza kusema ni la uongo.

Kiwanda cha chai niliingia kwa bahati. Nilikuwa napita, nikasikia mngurumo unatoka bondeni, nikashuka kuuliza ni nini. Msimamizi akadhani natafuta kazi.

Siku ya kwanza nilijua wote mle ndani wananichukia. Kila mtu alinikunjia uso, akanitupia mikono, akaondoka. Mchana ndipo nilipoelewa kwamba walikuwa wanazungumza. Mle ndani mdomo haukufaa kitu. Mafeni ya kunyaushia majani, mashine za kukata, makaushio, machekecheo, vyote vilikuwa vinapiga kelele kwa pamoja, na watu walikuwa wametunga lugha yao ya vidole. Kusugua sikio maana yake beringi inalia. Kiganja kupita mbele ya mdomo maana yake hilo usiliseme. Kugonga kifua mara mbili maana yake chai ya saa nne imefika, na pia maana yake meneja anakuja. Niliuliza kwa nini ishara moja ina maana mbili. Nikajibiwa kwamba zote mbili zinakutaka uache unachofanya.

Aliyenifundisha kazi ni Fundi Yakobo, Mlutheri mwembamba, mwenye koti la bluu lililofuliwa mpaka likawa jeupe. Bisibisi ilikuwa yake. Alikuwa anaweka ncha kwenye chuma cha mashine na mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, anafumba macho, anasikiliza. Kelele ya kiwanda inabaki nje, kelele ya beringi moja inakuja yenyewe kichwani mwako kama mtu anayekunong'oneza. Aliponipa nijaribu mara ya kwanza nilisahau kuirudisha. Nilizunguka kiwanda kizima nikisikiliza kila kitu, mabomba, kuta, kiti cha msimamizi.

"Umesikia nini?" akaniuliza baadaye, tukiwa nje.

"Kila kitu kinaumwa."

"Kweli," akasema. "Wewe kazi yako ni kujua kipi kinaumwa zaidi."

Hiyo ndiyo elimu yangu yote ya ufundi, na kwenu nimeileta kama nilivyopewa. Mashine inayopiga kelele inakueleza hali yake. Msikilizeni msumeno kabla hamjamwita fundi, na fundi akija mwambieni mlichosikia, msimwambie mlichodhani.

Kwenye mashine ya pili kutoka yangu alikuwa Athumani. Kazi yake ilikuwa kuangalia mkanda unaopeleka majani kwenye meno ya kukata, yasirundikane. Alikuwa mtu wa juu ya Soni, masikio yake yametoka nje kama mashikio ya sufuria, na alikuwa na tabia moja: aliimba zamu nzima. Hakuna aliyemsikia. Ulimwona tu mdomo unafunguka na kufumbika, shingo imekaza. Nilimuuliza kwa nini anajichosha.

"Nyumbani nikiimba mke wangu anacheka," akasema. "Hapa ndipo mahali pekee naimba kwa sauti yangu yote."

Lakini umeme wa siku zile ulikuwa wa kukatikakatika. Ukikatika, kiwanda kizima kinanyamaza kwa mkupuo mmoja, na kwenye ule ukimya sauti ya Athumani inabaki peke yake hewani, maneno mawili matatu, kabla hajagundua. Tulikuwa tunangoja hilo kama watoto. Na alichokuwa anaimba hakikuwa wimbo wa mtu. Alikuwa anaimba vitu alivyotumwa na mkewe, Bi Zaina, ili asivisahau akipita dukani jioni. Sukari, mafuta ya taa, sabuni. Alikuwa amevitilia sauti nzuri, ya kupanda na kushuka, kama njia ya kwenda kwao.

Siku ninayotaka kuwaambia ilikuwa asubuhi ya mvua. Majani mabichi yalikuja na maji mengi, mashine zilikuwa zinayakataa, mkanda wa Athumani ulikuwa unarundika. Umeme ukakatika. Kimya kikashuka, na katikati yake tukasikia:

"...na sabuni ya kipande, na kiberiti."

Akanyamaza. Tukaangua kicheko. Kaniki, aliyekuwa kwenye makaushio, akapaza sauti, "Umesahau chumvi!"

"Chumvi ipo!" akajibu Athumani, naye anacheka. Na huku anacheka akapeleka mkono ndani kuyatoa majani yaliyokwama, kama tulivyokuwa tunafanya wote. Mashine iliyozima tuliiona kama ng'ombe aliyelala. Hakuna aliyekwenda kwanza kushusha swichi kuu. Hakuna aliyekuwa ametufundisha hivyo, hata Fundi Yakobo.

Umeme ukarudi.

Sitaandika zaidi ya hapo. Alikufa ndani ya gari kabla hatujafika hospitali, kichwa chake kiko mapajani mwangu. Bi Zaina alikuwa mjamzito. Kiwanda kilimwambia ni ajali ya mashine, na sisi tuliokwenda kuzika hatukuongeza neno. Mjane mwenye mimba, ungemwambia kwamba mumewe alikuwa anacheka? Tulimwona mwenyewe anaunda maelezo yake, tukamwachia. Mtoto alizaliwa baba ameshazikwa, wakamwita Ramadhani.

Fundi Yakobo alikuwa nasi mazishini. Kisha akaja na sheria. Umeme ukikatika, kila mtu anainua mikono yote miwili juu ya kichwa, na haishushi mpaka mmoja aende kwenye swichi kuu, aishushe, na aseme kwa sauti, "Imeshuka." Ndiyo hiyo mliyonicheka. Mwanzoni alikuwa anapaza, "Mikono!" Watu walisahau. Mkono una akili zake, unakwenda kwenye kilichokwama kabla kichwa hakijaambiwa. Siku moja umeme ulikatika, Kaniki akamwona mtu anainama kwenye mkanda ule ule, na neno lililomtoka halikuwa mikono. Alipiga ukelele, "Athumani!"

Kiwanda kizima mikono ikaruka juu. Nadhani hata mapaka waliinua.

Tangu hapo likawa ndilo neno lenyewe. Umeme ukikatika, aliye karibu na mlango anapaza, "Athumani!", na sisi tunainua. Walikuja wafanyakazi wapya ambao hawakumwona hata siku moja, wakainua mikono kwa jina lake. Kijana mmoja kutoka Korogwe alidhani ni neno la kiufundi, akawa anaulizia kwa mafundi wengine kama na wao wana athumani kwenye mitambo yao. Tulicheka, kisha tukaona haya kwa kucheka. Na tukakubaliana, bila kikao, kwamba neno hilo haliendi nje ya geti. Bi Zaina alikuwa anapita barabara ile ile kwenda sokoni. Asingeelewa kwamba jina la mumewe limekuwa amri, kama mtu anavyomwambia punda simama. Ilikuwa heshima, lakini ilikuwa heshima ambayo usingeweza kuieleza ukiwa umesimama mbele ya mtu.

Baada ya ile sheria hakuumia mtu tena kwa umeme kurudi. Mimi nilikaa pale miaka mingi kuliko mahali pengine popote, na sijui kama ni kazi iliyonishika au ni kwamba niliona vibaya kuondoka nikimwacha Athumani anaitwa na watu wasiomjua. Fundi Yakobo alipostaafu alinipa bisibisi. Alisema tu, "Endelea kusikiliza." Tulimzika miaka michache baadaye, kwa tarumbeta za kanisani kwao, na mojawapo ilikuwa inavuja hewa. Angeisikia.

Kisha kiwanda chenyewe kikafungwa. Sitaingia kwenye sababu, kila mtu ana yake. Mashine nyingine zilikatwa zikauzwa kama chuma chakavu, nyingine zilibaki zinaota kutu. Kaniki akawekwa kuwa mlinzi. Mimi nikaja kwenu kwenye mbao, na ukimya wa masikio yangu ukajazwa na misumeno.

Nilikuwa bado kwenu Ramadhani alipokuja. Ilikuwa siku ya mapumziko, nimekaa nyuma ya nyumba nachonga mpini wa jembe. Mtu mzima sasa, begi mgongoni, ametoka Dar es Salaam ambako alikuwa anafanya kazi studio za muziki.

"Shikamoo, ba'mdogo."

"Marahaba. Wewe ni wa Athumani. Usinitajie jina, masikio yameshakuchongea."

Akayashika, akacheka. "Mama anasema wewe ndiye uliyekuwa karibu naye."

"Anasema nini kingine?"

"Anasema hutulii mahali, kwa hiyo niwahi."

Nikamletea kigoda. Akanieleza kwamba anatengeneza albamu yake mwenyewe, peke yake, ya muziki wa kelele. Nikamuuliza waimbaji ni nani. Akasema hakuna. Ngoma? Hakuna. Gitaa?

"Hakuna, ba'mdogo. Kelele tupu. Chuma, mota, mikanda, redio isiyoshika stesheni."

"Sasa watu watachezaje?"

"Hawatacheza. Watakaa wasikilize."

"Kama matangani."

Alikuwa anafungua begi, akaacha. "Ndiyo," akasema. "Kama matangani."

Akanivalisha vile vya masikioni. Nilidhani vimeungua. Kisha nikaanza kusikia ndani yake, kwa sababu ndiyo kazi niliyoifanya. Kulikuwa na kitu kinazunguka chini kabisa, na juu yake kitu kinakwaruza, na katikati mpigo usio sawa, kama mtu anayepanda ngazi kwa mguu mbovu. Sijui kama ni muziki. Nilitaka kuendelea kusikiliza, na mimi sina kipimo kingine.

Alitaka kelele za kiwanda cha baba yake. Tukaenda. Kaniki alitufungulia, akamtazama yule kijana, akatazama pembeni. Ndani kulikuwa na popo na harufu ya chai ya zamani iliyogeuka kuwa harufu ya udongo. Ramadhani akatoa kitu kidogo kama kifungo cha koti, chenye waya, akakibandika kwenye chuma. Alisema hicho hakisikii hewa, kinasikia chuma chenyewe. Nikachomoa bisibisi yangu, nikaweka mpini kwenye mfupa wa sikio. Tukatazamana, tumeinama kwenye mashine moja, tunasikiliza kitu kimoja. Akaniomba aijaribu. Akazunguka nayo kiwanda kizima, akasahau kuirudisha. Nilimwahidi kwamba siku nikiacha kazi itakuwa yake. Ndiyo hiyo mnayoitafuta.

Tulikuja mara kadhaa. Alileta jenereta, tukalazimisha feni moja kuzunguka. Alivuta minyororo sakafuni, akapiga mabeseni ya kunyaushia, mimi na Kaniki tukimwambia hii ilikuwa inalia zaidi, ile ilikuwa nzito. Siku moja akasema amefika mwisho. Tulikuwa tumekaa karibu na ile mashine. Ilikuwa bado ipo, hakuna aliyetaka kuinunua.

"Hii ndiyo ya mwisho kwenye albamu," akasema. "Mama aliniambia mashine ilinguruma kama mnyama, ikamvuta. Nimekua na mngurumo huo kichwani. Nataka kuutoa. Nisikilizieni, mniambie kama umefanana na wa siku ile."

Nikasikiliza. Ilikuwa kelele juu ya kelele, inapanda, inapanda, mpaka huwezi kujua meno yako yako wapi. Ilikuwa kazi ya miaka. Kaniki hakuhitaji kuisikia. Alinitazama, akapitisha kiganja mbele ya mdomo. Hilo usiliseme.

Nilifikiri. Ningesema imefanana, angefunga begi lake, angeondoka na mnyama wake, na mama yake angebaki na mnyama wake. Lakini mtoto alikuwa ameniuliza swali la ufundi. Aliniuliza kama kelele ni yenyewe, na mimi sijawahi kumdanganya mtu kuhusu kelele.

"Haikuwa hivyo," nikamwambia. "Palikuwa kimya."

Nikamweleza yote. Umeme, majani ya mvua, kicheko. Kaniki alikuwa ameinamisha kichwa. Nilipofika kwenye sabuni ya kipande na kiberiti, Ramadhani aliniinulia mkono ningoje. Hakuuliza habari za mashine.

"Alikuwa anaimba?"

"Kila siku."

"Na mtu akamwambia amesahau chumvi?"

"Mimi," akasema Kaniki, kwa sauti ya mtu anayejisalimisha. "Ni mimi, mwanangu."

"Akajibu nini?"

"Akasema chumvi ipo."

Ramadhani akakaa sakafuni kwenye vumbi la chai. Kisha akasema, "Niimbieni." Basi wazee wawili tusiojua kuimba tukaimba mahitaji ya nyumbani ndani ya kiwanda kilichokufa, Kaniki akinirekebisha panapopanda, na kijana wa Athumani akashika ile sauti mara ya kwanza tu, kama aliyeikuta ndani mwake. Habari za jina, kwamba tulilipaza miaka yote ile, hatukumwambia. Kaniki alinitazama, na mimi nikamtazama. La kutosha lilikuwa limeshatoka siku hiyo.

Albamu ilipokuwa tayari aliiita *Zamu*. Jumamosi moja, baada ya mimi kuwaaga nyinyi, alikodi ukumbi Lushoto mjini, mchana, akaalika watu waje kuisikiliza. Wafanyakazi wa zamani tuliosalia tulikaa nyuma, tumevaa makoti. Mbele alikaa Bi Zaina, amejifunika kanga mbili, na Ramadhani alisimama kwenye meza yenye waya. Vijana wa mjini waliokuja wakidhani watacheza walianza kutoka mapema. Mmoja akasema mlangoni, "Jamani, zimeni hilo jenereta, linaungua." Mama mmoja aliziba masikio kwa vidole, lakini hakuondoka.

Sisi wa nyuma hatukuziba. Kwetu ilikuwa kama kuingia zamu. Niliona mzee mmoja anasugua sikio: beringi inalia. Mwingine akagonga kifua mara mbili, wenzake wakatabasamu. Tulikuwa tunaongea tena, kwa mara ya kwanza tangu geti lifungwe.

Kelele ya mwisho ikaanza kupanda. Ilikuwa ile ile niliyoisikia, ila sasa, kama umefundishwa kusikiliza, chini yake kabisa kulikuwa na kitu kama sauti ya mtu. Ikapanda, viti vikatetemeka. Kisha ikakatika kwa mkupuo mmoja, na hewani ikabaki sauti ya Ramadhani, ndogo, peke yake:

"...na sabuni ya kipande, na kiberiti."

Halafu kimya.

Sidhani kama Kaniki alifikiri. Mtu hafikirii. Alikuwa amekaa karibu na mlango.

"Athumani!"

Mikono yetu ikaenda juu, yote, kwa pamoja. Mikono ya wazee, mingine haifiki mbali siku hizi. Vijana wawili watatu wakacheka, wakaona nyuso zetu, wakaacha. Ramadhani alikuwa ameduwaa mezani. Na kwa kuwa sheria inasema mikono haishuki mpaka mtu aseme imeshuka, na pale hapakuwa na swichi wala wa kuishusha, tukabaki hivyo.

Bi Zaina akageuka. Akatutazama mmoja mmoja.

"Mnamwita nani?"

Nikasema mimi, mikono ikiwa juu. "Yeye, shemeji. Tulikuwa tunamwita kila umeme ukikatika. Ili mtu asipeleke mkono ndani."

"Tangu lini?"

"Tangu alipoondoka mpaka kiwanda kilipofungwa."

"Na mlikuwa mnainua hivyo?"

"Hivi hivi."

Akasimama. Alichukua muda kusimama, Ramadhani akataka kuja kumsaidia, akamkataza kwa mkono. Alitutazama tulivyokuwa, wazee waliojipanga mistari na mikono juu, na machozi yalikuwa yanamshuka bila kuyafuta.

"Basi shusheni, jamani," akasema. "Amesikia."